Yah: Malalamiko kuhusu mkanda wa taimingi uliopitwa na wakati kurudishwa kwenye injini

Kwa Meneja wa Huduma,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka jana nilileta gari langu kwenye gereji yenu likivuja maji ya rejeta, na mafundi wenu wakabadilisha pampu ya maji, kazi ambayo kwa injini hii haifanyiki bila kufungua kifuniko na kuutoa mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa mpira unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa kufuata mwendo wa pistoni, kwa kuwa mkanda huo ndio pia unaoizungusha pampu. Mkanda ulikuwa mikononi mwao, nao wakaurudisha uleule.

Siku ya kuchukua gari niliuliza kama haukustahili kubadilishwa. Mpokeaji wa magari alitazama mita, akaona kilomita 71,000, akanijibu kwamba zimebaki 29,000. Nilimwamini. Kumbe kitabu cha gari kinaagiza mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000 au kila baada ya miaka 6, lolote litakalotangulia, na gari lilikuwa limetimiza miaka 9 likiwa na mkanda liliotoka nao kiwandani, jambo ambalo kumbukumbu zenu wenyewe zinalionyesha. Mpira huzeeka kwa joto la injini na kwa miaka, hata kama gari linatembea kidogo, na huu ulikuwa pia umekaa jirani na pampu inayovuja.

Wiki mbili zilizopita, kwenye kilomita 78,000, ulikatika nikiwa barabarani, bila kelele wala taa yoyote kuwaka kabla. Injini ilizima ghafla na usukani ukawa mzito huku magari yakija nyuma yangu. Nashukuru nilifika pembeni salama. Fundi aliyelifungua gari alinionyesha mkanda: mgongo umejaa nyufa za kukingama, meno kadhaa yamenyofoka, nyuzi za ndani zimechambuka. Kisha akanionyesha valvu zilizopinda, kwani katika injini ya aina hii pistoni na valvu hupishana kwenye nafasi ileile, na kamshafti, shafti inayofungua valvu, iliposimama, valvu zilizobaki wazi ziligongwa na pistoni.

Naomba kampuni inirudishie gharama za valvu, za kurekebisha silinda hedi na za kazi hiyo. Mkanda mpya, tenshena inayoukaza na rola zake nitalipia mwenyewe, kwa sababu muda wake ulikuwa umefika na ningelipia siku ileile kama ningeambiwa ukweli. Naomba pia maelezo ya maandishi kwa nini umri wa mkanda haukuangaliwa, na kwamba tangu sasa mpokeaji wa magari aulize mwaka uliofungwa mkanda kabla ya kusoma mita, maana wako wateja wengine waliojibiwa kama mimi na bado wanaendesha.

Nimeambatisha nakala za ankara yenu, ukurasa husika wa kitabu cha gari na picha. Mkanda uliokatika ninao. Fundi wenu anakaribishwa kuukagua. Nategemea majibu ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu