Barua kwa mwanangu: Bibi yako amekuulizia

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Sisi huku Kigamboni hatujambo. Bibi yako naye mzima, ila macho ndiyo yale yale. Juzi umeme ulikatika tangu magharibi. Nikafungua kabati kutafuta mshumaa, mkono ukagusa Simon, ile mashine ya mchezo, ya duara, yenye rangi nne aliyotuletea mjomba wako enzi zake za ubaharia. Betri zilikuwa zimevujia ndani. Nikasugua vyuma kwa msasa, nikamtuma Idrisa dukani alete betri mbili kubwa za tochi, na ile ndogo ya volti 9 nikaichomoa kwenye kipima umeme cha baba yako. Ikalia.

"Zuhura yuko wapi?" Hilo ndilo neno la kwanza alilosema bibi yako.

Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu ningezungukazunguka.

Ulikuwa darasa la nne, usiku wa Idi. Sinia zimeshaondolewa, tumekaa mkekani, binamu zako wamejaa hadi mlangoni. Mjomba wako aliiweka kwenye daraja la juu kabisa, lile linalodai mfuatano wa rangi 31 ndipo ushinde. Inawasha rangi moja, unaibonyeza. Inarudia ile na kuongeza ya pili, kisha ya tatu, na kadiri unavyosonga ndivyo inavyokimbia. Kijani, nyekundu, njano, bluu, nyekundu tena. Kidole kikisita, inakukoromea na umetoka. Watu wazima wote tulitolewa kabla ya 12. Wewe ukafika 12, ukapita 15, ukapita 18, nyumba nzima kimya. Nikageuka, nikaona midomo ya bibi yako inatikisika: "Pantoni, pantoni, jogoo, filimbi, baiskeli, pantoni..."

Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Zuhura, unaibia! Bibi anakutajia!"

Mkono wako ukabaki hewani. Mashine ikakoroma. Binamu zako wakakuzomea na mimi sikuwakataza. Ulikwenda kulala bila kumuaga mtu, na tangu usiku ule hujaigusa tena. Nilijiambia ni hasira za kitoto, zitapita. Umemaliza shule ya msingi, umemaliza sekondari, uko Dodoma chuoni, na kila Idi ikitolewa unainuka kwenda kuosha vyombo.

Juzi nilimuuliza bibi yako yale majina yalitoka wapi. Akashangaa kwamba sijui. Kumbe mlikuwa mnaicheza jioni barazani, wakati mimi bado niko kwenye foleni ya pantoni narudi kutoka kazini. Mtoto wa jicho ulikuwa umeshamwanza, njano na kijani anaziona kitu kimoja, lakini kila rangi ina mlio wake, na wewe ndiye uliyempa majina ya milio: honi ya pantoni, jogoo, filimbi ya refa, kengele ya baiskeli. Ulimfundisha ili asiachwe nje ya mchezo. Usiku ule alikuwa anajichezea yeye mwenyewe kwa midomo, anafuatana nawe. Hukuhitaji kutajiwa. Wewe ndiye uliyekuwa mwalimu.

Wewe unayesoma elektroniki utalipenda hili. Aliyeibuni, Ralph Baer, pamoja na mwenzake Howard Morrison, aliitafutia sauti nne ambazo ukizipanga vyovyote hazigombani sikioni. Akazipata kwenye tarumbeta la kijeshi, kwa sababu lile halina vitufe na hucheza kwa noti chache tu zinazopatana. Mchezo ukatoka Marekani mwaka 1978. Baer huyo huyo ndiye aliyebuni Odyssey ya 1972, mashine ya kwanza ya kucheza michezo kwenye televisheni ya nyumbani. (Sisi Bara televisheni yenyewe tulikuja kuipata 1994!) Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Zile sauti zilipangwa ili zishikike kama wimbo, na mtoto wangu wa miaka kumi alilitambua hilo kwa sikio lake, akampa bibi yake wimbo wa kushika. Mimi nikaliita wizi.

Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kuonekana mama mwenye haki mbele ya ndugu, nikakudhulumu wewe.

Juzi bibi yako alicheza. Aliketi na kanga yake kichwani, macho ameyafumba, anataja, na Idrisa anabonyeza. Wakafika tisa. Idrisa hajui jogoo ni ipi na filimbi ni ipi, akawa anauliza, na mashine haingoji mtu anayeuliza. Bibi akaisukuma pembeni taratibu, akasema atasubiri aliyeyatunga majina.

Chuo kikifungwa, njoo na treni ya mchana. Ukishuka stesheni usihangaike na bodaboda, nitakusubiri Magogoni tuvuke pamoja. Betri nyingine nimeshanunua, ziko kwenye droo ya bibi yako, na amenikataza kabisa kuziweka kwenye tochi.

Mama yako