Binamu, kabla hujachagua mji, soma mlango wake

Binamu yangu,

Umeniuliza ni mji upi kati ya ile miwili utawafaa wewe na watoto kwa wiki moja ya kusafiri kwa tanga: ule uliojificha mdomoni mwa mto, au ule wa kwenye ghuba iliyo wazi. Picha ulizonitumia ni nzuri zote, ila hazisaidii kuamua. Picha za miji ya mashua hupigwa maji yamejaa na upepo umelala.

Anza na mlango, yaani njia ya mashua kuingia na kutoka. Pale mto unapomwaga maji baharini, mara nyingi hujengeka fungu la mchanga. Tafuta kina chake kwenye ramani ya bahari. Tarakimu hizo huhesabiwa kuanzia usawa wa maji yaliyokupwa sana, kwa hiyo unaziongezea kimo cha maji cha saa hiyo kutoka jedwali la kujaa na kupwa. Tuseme fungu lina nusu mita kwenye ramani, na mkuku (uti wa chini wa mashua) wa mashua mtakayokodi unazama mita 1.5. Ukitaka nusu mita ya akiba chini ya mkuku unahitaji mita 2, yaani jedwali lionyeshe angalau mita 1.5.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti ya kupwa na kujaa sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Maji yakianzia mita 0.4 na kupanda mita 3.6, baada ya saa mbili yamefika 1.3, na baada ya tatu 2.2. Basi mlango huo unapitika chini kidogo ya saa nne kabla ya maji kujaa na muda uleule baada yake. Nje ya hapo umefungwa, hata mtoto akiumwa.

Na kina peke yake hakitoshi. Maji yanayotoka mtoni yakikutana na mawimbi yanayoingia, mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika juu ya fungu, hata siku ya upepo wa kawaida. Ukiwa nje unarudi, unaona migongo yake tu, kwa hiyo mlango huonekana mtulivu kuliko ulivyo. Hapa ndipo watu hupinduka. Ingia maji yakiwa yanajaa, hasa saa mbili za mwisho.

Jambo moja wengi hawalijui: mahali pamoja, maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) hujaa karibu saa ileile ya siku mwaka mzima. Kama mji wa mtoni hujaza bamvua yake mnamo saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, una bahati. Utatoka kabla ya saa nne asubuhi, na kuingia tena kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, mkondo ukikusukuma. Ikiwa hujaza adhuhuri, siku yako itakuwa fupi na utarudi ukipambana na mkondo. Mashua ya noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa) dhidi ya mkondo wa noti 3 inatambaa kwa noti 2. Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo panga safari ndefu siku za jirani na mwezi mwandamo au mpevu.

Ghuba haina mlango wa kukufungia, ina shida ya upepo. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda, na upepo wa bahari huvuma kuja kuijaza nafasi. Huanza asubuhi ikielekea mchana, hukaza alasiri, hulegea jua linapozama. Ghuba inayoukabili moja kwa moja huwa na mawimbi hadi usiku, kwani mawimbi hayalali pamoja na upepo. Tafuta rasi upande upepo unakotoka. Rasi fupi haitoshi, mawimbi huizunguka na kuingia ubavuni, na watoto watatapika kitandani.

Nanga nayo ina hesabu. Kina mita 3, maji yatapanda 2, omo (mbele ya mashua) iko mita 1 juu ya maji: jumla 6. Kwa kamba yenye mnyororo mfupi toa mara saba, mita 42. Anayepima maji yakiwa yamekupwa na kusahau zile mbili hukuta nanga inaburuta usiku.

Pima pia safari za mchana. Kituo kilicho maili 5 upande wa upepo wa omo huwa kama maili 7 kwa kupiga bisho, yaani kwenda upande upande kuukabili upepo.

Kwa watoto wadogo na mashua ya mkuku mrefu, mimi ningechukua ghuba, mradi rasi yake inaikinga na upepo wa alasiri. Isipokinga, chukua mto, lakini ukodi mashua yenye mkuku wa kuinua. Nitumie tarehe zako na kina cha mkuku kilichoandikwa kwenye mkataba, nikupigie hesabu ya mlango siku kwa siku.