Ile sentensi ya michoro ya F-1

Ndugu yangu Salum,

Salamu sana. Natumai mama amepata nafuu na wote nyumbani hawajambo. Naandika mbiombio kwa sababu Kombo kaniambia makala yako inakwenda kwa mchapaji Ijumaa.

Nakuomba, itoe ile sentensi isemayo kwamba Wamarekani walipoteza michoro ya injini ya F-1 ya Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, ndiyo maana haiwezi kuundwa tena. Michoro ipo. Ugumu uko kwenye kazi ya mikono.

Chukua chumba cha mwako, yaani pale mafuta yanapoungulia. Ukuta wake si bamba moja. Ni mirija 178 ya aloi ya nikeli iliyosimamishwa kwa duara, na kuelekea chini kila mmoja unagawanyika, inakuwa 356. Mafuta ya taa hupita kwanza ndani ya mirija kuupoza ukuta, ndipo yaingie kuungua. Mirija ililehemiwa kwenye tanuri. Pengo kati ya mrija na mwenzake likizidi, lehemu haijazi, na gesi ya moto inapata njia. Kisha kuna mabomba na viungo vilivyochomelewa kwa mkono: fundi akiona kipande hakikai sawa, alikirekebisha palepale, na ujanja wake haukurudi kwenye mchoro. Ndiyo maana wahandisi vijana wa NASA kule Huntsville, Alabama, waliifungua injini ya zamani, wakapima vipande vyake kwa mwanga, na Januari 2013 wakawasha tena jenereta yake ya gesi, kile kichomeo kidogo kinachozungusha pampu ya mafuta.

Halafu mtikisiko wa mwako umeupa mstari mmoja tu! Hapo ndipo kazi yote ilipotaka kufia. Juni 1962 injini iliharibika kabisa kwenye jukwaa la majaribio Edwards, kituo cha jeshi la anga kule California, kwa sababu mawimbi ya shinikizo yalizuka ndani ya chumba. Hesabu za wakati ule hazikutosha. Walijaribu, wakabadilisha, wakajaribu tena: wakasimamisha vikuta kwenye uso wa bamba linalonyunyizia mafuta na oksijeni chumbani, wakapanua matundu ya mafuta, wakageuza pembe za michirizi. Kupima, walilipua kibomu ndani ya chumba injini ikiwaka. Mawimbi yalitakiwa yatulie yenyewe chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Waeleze wasomaji hilo, Salum, linastahili aya nzima.

Na zile nguvu farasi 55,000 ulizoziandika ni za pampu ya injini moja, si za injini zote tano za roketi.

Lakini ile sentensi ndiyo inayoninyima raha. Inawafuta mafundi.

Je, picha ya lile bamba na vikuta vyake unayo? Kombo atakubali kuongeza ukurasa? Nikuchoree mirija inavyogawanyika? Na mama, ile dawa ya pili ameanza?

Wako,
Hamisi