Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Il Postino, Tuzo Zake na Manukuu ya Kiswahili

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka 2024. Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba mwaka huu tushughulike na filamu moja tu, tuichimbe mpaka mwisho. Filamu iliyochaguliwa ni Il Postino, ambayo Septemba mwaka huu imetimiza miaka 30 tangu ionyeshwe kwenye tamasha la Venice. Ni hadithi ya Mario, tarishi wa kisiwani Italia, anayempelekea barua mshairi wa Chile, Pablo Neruda, aliye uhamishoni. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitaeleza rekodi ya tuzo za filamu hii, ambayo hata tangazo letu la kwanza liliikosea, kisha kazi ya manukuu ya Kiswahili, yaani yale maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, na mwisho mambo ya ukumbini.

Tuanze na kosa lenyewe. Tangazo lilisema Il Postino ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Haikuipata. Haikuteuliwa, wala haikuingizwa kwenye kundi hilo. Katika kundi hilo kila nchi hupeleka filamu moja, nayo iwe imetoka nchini mwake ndani ya kipindi maalumu, ambacho wakati ule kilianza Novemba na kuishia Oktoba ya mwaka unaofuata. Il Postino ilitoka Italia Septemba 1994. Nafasi ya Italia ya kipindi hicho ilikwenda kwa Lamerica ya Gianni Amelio. Mwaka uliofuata Italia ilipeleka L'uomo delle stelle ya Giuseppe Tornatore, na hiyo ndiyo iliyoteuliwa.

Lakini mlango wa pili ulikuwa wazi. Makundi ya jumla ya Oscar hayaulizi lugha. Wakati ule yaliuliza kama filamu imeonyeshwa kwa kiingilio Los Angeles siku saba mfululizo ndani ya mwaka wa kalenda. Miramax waliitoa Marekani Juni 1995, kwa hiyo ikahesabiwa miongoni mwa filamu za 1995, na katika sherehe ya tarehe 25 Machi 1996 ilikuwa na teuzi tano: filamu bora, mwongozaji bora (Michael Radford), mwigizaji bora wa kiume (Massimo Troisi, aliyeigiza Mario), mswada uliotokana na kazi nyingine, na muziki wa filamu ya drama. Kabla yake, filamu zisizo za Kiingereza zilizowahi kuwania tuzo ya filamu bora zilikuwa nne tu. Tuzo hiyo ilikwenda kwa Braveheart.

Ushindi ulikuwa mmoja, wa muziki wa Luis Bacalov. Mwaka huo ndio kundi la muziki lilipogawanywa sehemu mbili, drama upande mmoja, filamu za nyimbo na vichekesho upande mwingine. Mgawanyo huo ulidumu miaka minne. Bacalov alizaliwa Argentina na kufanyia kazi zake nyingi Italia, na sauti inayobeba muziki wake hapa ni ya bandoneoni, kinanda cha mkono cha tango. Anayeandaa kipeperushi aandike pia jina la Sergio Endrigo: palikuwa na mgogoro mrefu kuhusu asili ya wimbo mkuu, na mwaka 2013 ulimalizika kwa makubaliano yaliyomtambua Endrigo kuwa mtunzi mwenza.

Basi, mwanachama akisema Il Postino ni “filamu iliyoshinda Oscar”, amesema kweli. Akisema “filamu bora ya lugha ya kigeni”, awe anazungumzia BAFTA ya Uingereza, ambako mwaka 1996 ilipata tuzo tatu: filamu bora isiyo ya Kiingereza, uongozaji na muziki.

Nyumbani Italia, tuzo za David di Donatello za 1995 ziliipa ya uhariri, na mpokeaji alikuwa Roberto Perpignani. Hii ndiyo tuzo inayotajwa kwa nadra kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kutajwa kwanza. Kila mwanachama akiielewa tuzo hii ataiangalia filamu kwa jicho jingine.

Troisi alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu ujana, matokeo ya homa ya baridi yabisi. Aliahirisha upasuaji ili amalize kazi. Aliweza kusimama mbele ya kamera muda mfupi tu kwa siku, na picha nyingi za mbali, za mgongoni na za kupanda baiskeli zilichukuliwa kwa kumtumia mtu aliyefanana naye. Alifariki tarehe 4 Juni 1994, saa chache baada ya upigaji picha kuu kumalizika, akiwa na miaka 41. Mhariri alibaki na vipande vya uso, vipande vya mgongo, na mtu ambaye hawezi kurudi kurekodi tena hata neno moja. Tazameni filamu mara ya pili mkihesabu ni mara ngapi Mario ameketi, ameegemea ukuta au ukingo wa mlango. Utulivu ule ambao watazamaji wanausifu kuwa ni haiba ya mhusika ulikuwa pia mpaka wa mwili wa mwigizaji, na uhariri ndio uliofanya tusiuone mpaka huo.

Uhariri ulificha pia umbali wa visiwa. Bandari na mkahawa wa Beatrice, msichana anayependwa na Mario, viko Corricella, kisiwani Procida, kwenye ghuba ya Napoli. Nyumba ya Neruda iko Pollara, kisiwani Salina, kaskazini mwa Sisili. Kati ya visiwa hivyo ni zaidi ya kilomita 200 za bahari, na Mario anakwenda na kurudi kwa baiskeli asubuhi moja. Hakuna mtazamaji anayeshtuka.

Uteuzi wa Troisi baada ya kufa ulikuwa wa namna mbili, maana jina lake lilikuwemo pia kati ya waandishi watano wa mswada, pamoja na Anna Pavignano, Radford, Furio Scarpelli na Giacomo Scarpelli. Mswada ulitokana na riwaya ya Antonio Skármeta wa Chile, aliyefariki Oktoba mwaka huu; tumsome. Riwaya inatokea Isla Negra, Chile, na inafika hadi mapinduzi ya 1973. Filamu imelihamishia jambo lote Italia ya miaka ya mwanzo ya 1950, kipindi ambacho Neruda kweli aliishi uhamishoni na mwaka 1952 alikaa Capri. Mario wa riwaya ni kijana wa miaka 17. Wa filamu ni mtu mzima. Wanaobishana kama filamu “imekosea historia” wakumbuke kuhama huko kulikuwa uamuzi wa makusudi.

Sasa manukuu. Kamati ya tafsiri ilifuata vipimo hivi: mstari usizidi herufi 42 pamoja na nafasi, mistari isizidi miwili, kasi ya kusoma isizidi herufi 15 kwa sekunde, na hakuna nukuu inayokaa chini ya sekunde moja wala zaidi ya saba. Kiswahili kinabana hapo, kwa sababu kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na urejeshi kwa pamoja. Chukueni maneno ya Mario ufukweni baada ya Neruda kumsomea shairi la bahari. Rasimu ya kwanza ilikuwa “Nilijihisi kama chombo kinachopigwa na maneno”: herufi 45, sekunde tatu za kusoma, haiingii mstari mmoja. Tukaipunguza kuwa “Kama mashua ikipigwa na maneno haya”: 35. Ikaingia.

Hapo likazuka tatizo kubwa zaidi. Neruda anamjibu kwamba amefanya metafora, yaani sitiari. Lakini yeyote aliyepita darasa la fasihi ya Kiswahili anajua kwamba ukiona “kama” hiyo ni tashbihi, wala si sitiari (wengine huiita istiara). Ukiandika “kama” na nukuu inayofuata ikasema “sitiari”, nusu ya ukumbi itanong'ona kwamba mshairi mkubwa hajui somo lake. Kiitalia cha kawaida hakibani hivyo. Kamati ikaamua kuacha “kama”: “Nilikuwa mashua, maneno yananipiga.” Herufi 35, na Neruda anabaki na haki yake. Neno “sitiari” lenyewe tumelishikilia filamu nzima bila kulibadilisha, kwa sababu shangazi wa Beatrice hulisikia kama jina la uchawi aliofanyiwa msichana, na kichekesho chake kinakufa mkiandika “mafumbo” hapa na “picha za maneno” pale.

Nyavu nazo zilitusumbua. Mario anaombwa kivumishi kimoja cha nyavu za wavuvi, anatoa neno moja la huzuni. Kiswahili hakina kivumishi cha asili cha maana hiyo. “Zinazohuzunisha” inazifanya nyavu zimhuzunishe mtu, na maana si hiyo. Tumetumia “zenye huzuni”. Ni maneno mawili, lakini huzuni inabaki ndani ya nyavu zenyewe. Tafsiri hiyo lazima irudi vilevile mwishoni, Mario anaporekodi nyavu za baba yake.

Neno “compagno” tumeliandika “ndugu”, lile la TANU, ambalo watazamaji wa Tanzania watalielewa bila maelezo. Wanachama wa Kenya walipendekeza “komredi”. Naona “ndugu” ina faida moja ya ziada: mkuu wa posta, mkomunisti, analitamka kwa fahari na mapenzi kwa pamoja, na “ndugu” inabeba yote mawili. Pale Mario anapokiri kwamba amependa na Neruda kumwambia dawa ipo, naye akajibu kwamba hataki dawa, anataka kuugua, hapakuwa na kazi. Taarabu imetufanyia tafsiri hiyo zamani.

Jina la filamu ndilo lililochukua muda zaidi kuliko lilivyostahili. “Tarishi” limeshinda “Mpeleka Barua” kwa ufupi. Hata hivyo kipeperushi kieleze jambo moja. Wengi wetu tumezoea barua kusubiri kwenye sanduku la posta, kwa hiyo mtu wa kupeleka barua mlangoni ni mgeni kwetu. Mario ana mteja mmoja tu kisiwani, naye ni Neruda, kwa kuwa wenyeji karibu wote hawajui kusoma. Asiyelijua hilo hataelewa kwa nini kazi ile ni ndogo kiasi kile.

Kosa la kiufundi linalorudi kila mara ni manukuu kuchelewa au kuwahi kadiri filamu inavyosonga. Sababu yake ni kasi ya picha. Filamu ina dakika 108 kwa fremu 24 kwa sekunde. DVD nyingi za Ulaya zinakwenda fremu 25, hivyo filamu ileile huisha kwa dakika 103 na sekunde 41 hivi. Nukuu iliyopangwa saa 1:00:00 inatakiwa kutokea 0:57:36. Kusogeza faili lote mbele au nyuma hakutibu; zidisha nyakati zote kwa 0.96. Ukiona tofauti ni ileile mwanzo na mwisho, hapo tu ndipo unaposogeza. Hifadhini faili kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo herufi yenye alama katika jina kama Skármeta itageuka takataka. Jueni pia kwamba kwa fremu 25, sauti isiposahihishwa, muziki hupanda karibu nusu toni. Haifai kuwaalika watu kuusikia muziki uliopata Oscar, halafu bandoneoni isikike imebanwa koo. Tafuteni nakala ya 24.

Tahadhari nyingine: sauti ya Kiitalia ya Philippe Noiret, aliyeigiza Neruda, iliingizwa na mwigizaji mwingine. Msipange nukuu zake kwa kufuata midomo. Fuateni sauti.

Ukumbini, sehemu ya kupimia vifaa ni ile ya kinasa sauti, Mario anapomrekodia Neruda sauti nane za kisiwa: mawimbi madogo, mawimbi makubwa, upepo wa jabali, upepo wa vichakani, nyavu za baba, kengele za kanisa, anga la nyota, na moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa. Ya saba ni karibu kimya kitupu. Jenereta ikisikika hapo, onyesho limeharibika. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili kelele hupungua desibeli 6 hivi. Kuihamisha kutoka mita 10 hadi 40 kunaondoa 12. Pimeni feni zikiwa zimewashwa, maana zitawashwa watu wakijaa.

Diski iliyonunuliwa dukani haitoi ruhusa ya kuonyesha hadharani. Barua kwa mwenye haki itaje tarehe, idadi ya viti, kiingilio na idadi ya maonyesho, na ruhusa ya kutafsiri mazungumzo iombwe kwa jina lake, kwani mara nyingi haimo ndani ya ile ya kuonyesha. Kibali cha serikali ni jambo jingine tena: Tanzania ni Bodi ya Filamu, Kenya ni KFCB, bodi ya kuainisha filamu. Anzeni miezi mitatu kabla.

Mkutano unaombwa kuamua mambo mawili: kama “ndugu” ibaki, na kama vipeperushi vyetu vitaje tuzo ya uhariri juu ya ile ya muziki, kama ninavyopendekeza. Rasimu ya manukuu iko kwa katibu. Mwenye marekebisho aandike saa, dakika na sekunde ya mstari anaoukusudia. “Pale ufukweni” haitoshi, ufukweni wanakwenda mara nyingi.

Mwenyekiti