Baiskeli ya umeme ya kujitengenezea: tuanze na breki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaase wasomaji wenzangu wanaojitengenezea baiskeli za umeme za kwendea kazini, shughuli ambayo nami nimeifanya kwa mikono yangu na ninaipenda kwa dhati.

Wengi wetu huanza na mota ya kwenye kitovu cha gurudumu na betri ya volti 36, kisha tukishaonja wepesi wake tunatamani volti 48. Badiliko hilo, kwa mota ileile, huweza kupandisha mwendo kwa takriban theluthi moja. Lakini nishati ambayo breki hupaswa kuimaliza huongezeka kwa mraba wa mwendo, yaani kwa zaidi ya robo tatu, ilhali breki zimebaki zilezile zilizoundwa kwa baiskeli ya kukanyaga. Kwa hiyo breki ndizo zinazostahili kuboreshwa kwanza, pamoja na kufungwa chuma cha kuzuia ekseli ya mota isizunguke na kuchomoka kwenye uma, yaani panda mbili za baiskeli zinazoshika gurudumu, hasa uma wa alumini.

Chaja nayo isisahaulike. Betri ya litiamu-ioni ya volti 36, yenye seli 10 kwa mfululizo, kwa kawaida hujaa kwenye volti 42, na ile ya volti 48, yenye seli 13, kwenye volti 54.6; kuzichanganyia chaja ni kujitafutia moto ndani ya nyumba. Mimi huchaji betri yangu nikiwa macho, mbali na mlango wa kutokea, na ninawasihi wenzangu wafanye vivyo hivyo.

Mwendesha baiskeli