Barua ya wazi kwa mdogo wangu, mjumbe wa halmashauri ya kijiji: nyasi zinazopumzika ziandikwe

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Arusha mjini. Ile video ya wafugaji wa Marekani uliyoirusha kwenye kundi la ukoo nimeiona, na maneno uliyoweka chini yake, "hawa ndio wanaume", nimeyasoma. Nakujibu hadharani kwa sababu video yenyewe imeshazunguka Longido, Monduli na Simanjiro, na wajumbe wenzako wengi wanaitazama kwa jicho hilohilo.

Yule mzee wa kwenye video anaitwa Cliven Bundy, wa jimbo la Nevada. Alikuwa akilisha ng'ombe kwa kibali kwenye ardhi ya serikali kuu ya kule. Mwaka 1993 akaacha kulipa ada, 1998 mahakama ikamwamuru aondoe mifugo, akakaidi. Aprili 2014 serikali ilipokuja kuiswaga, watu wenye bunduki wakajaa, maofisa wakaiachia ili damu isimwagike. Kesi yake ya jinai ilifutwa Januari 2018, lakini hakuna jaji aliyesema ardhi ni yake. Ilifutwa kwa sababu waendesha mashtaka walificha ushahidi. Na ada iliyoleta yote hayo, mwaka ule wa 2014, ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe na ndama wake.

Bundy ni mpangaji aliyegoma kulipa kodi. Wewe si mpangaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri yenu iisimamie kwa niaba ya wanakijiji. Una hoja nzito kuliko yake, ila yako inadondokea kwenye makaratasi.

Shida inaanzia kwenye Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka uleule. Inapoeleza ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya serikali kuu, ni ipi, inajumuisha na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sasa ichukue alalili yenu, yale malisho mnayoyafunga masika ili yaliwe kiangazi. Masika yote mpaka Agosti hakuna ng'ombe anayeikanyaga. Hakuna boma, hakuna shamba, hakuna hata mavi mabichi. Mgeni akipita na gari mwezi Juni anaona nyasi za magotini na kimya, anaandika "eneo wazi". Kadiri mnavyolitunza, ndivyo linavyoonekana halina mwenyewe.

Kinga ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007. Wataalamu wa wilaya watawapitisha kwenye hatua sita na sina haja ya kuzirudia. Mambo huharibika sehemu mbili.

Kwanza ramani. Msikubali neno "malisho" likae peke yake kwenye eneo lote la kijani. Ligawanyeni: malisho ya masika, malisho ya kiangazi, ya ndama karibu na maboma, sehemu za ronjo (kambi za muda za mifugo mbali na maboma), malambo, penye magadi, na mapito ya mifugo yenye upana uliotajwa kwa mita. Ng'ombe 300 hawapiti kwenye uchochoro wa mita 10 bila kula mahindi ya mtu. Kila kipande kiandikiwe mwezi wa kufunguliwa na mwezi wa kufungwa, na miezi ya kufungwa itajwe wazi kuwa ni matumizi: malisho yanayopumzishwa. Siku ya kutembea mipaka, wazee waende na wachungaji wenyewe, vijana wa miaka kumi na tano, kwa sababu wao ndio wanaojua mifugo inapita wapi mwaka huu.

Pili, muhtasari. Mpango hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, halmashauri peke yake haitoshi. Mihtasari inayofia mahakamani ina kasoro zilezile: mahudhurio yamejazwa kwa mwandiko mmoja, tarehe ya mkutano haiendani na ya tangazo, ukubwa wa eneo umeandikwa "ekari nyingi". Sheria ndogo nazo lazima ziidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Faini mnayotoza kabla ya hapo, mtu yeyote mwenye wakili anaidai irudi.

Cheti cha ardhi ya kijiji kikishapatikana, endeleeni hadi hati ya hakimiliki ya kimila ya kundi kwa eneo la malisho. Na kama mnachangia lambo na jirani, pangeni pamoja. Kule Kiteto vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliunganisha malisho yao kwenye mpango mmoja, na hata majina wakayaunganisha: OLENGAPA.

Sasa hesabu, maana sheria ndogo isiyo na idadi ya mifugo ni maombi tu. Ng'ombe wa kilo 250 hula nyasi kavu takriban asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na robo. Kiangazi cha siku 120 ni kilo 750. Tengenezeni fremu ya nondo, mita moja kwa moja, mwishoni mwa masika. Irusheni sehemu ishirini bila kuchagua (kila mtu hutaka kuirusha penye nyasi nzuri, mzuieni), kateni kilichomo, mkianike mpaka kikauke, mpime kwa mizani. Tuseme wastani ni gramu 150. Hizo ni kilo 1,500 kwa hekta, na nusu inabaki ardhini ili mizizi isife na ndulele isichukue nafasi. Zinabaki kilo 750: hekta moja, ng'ombe mmoja, kiangazi kimoja. Alalili ya hekta 400 inabeba ng'ombe 400. Mwaka wa ukame mkipata gramu 60, inabeba 160.

Kijiji chenye ng'ombe 3,000 kikiwafungulia wote siku moja, hata kwenye mwaka ule mzuri nyasi zinakwisha kwa siku 16. Baada ya hapo vijana wanavuka kigingi cha hifadhi usiku, na alfajiri unapigiwa simu kwamba mifugo imekamatwa. Kwa hiyo andikeni nani anaingia kwanza: wanaonyonyesha, ndama walioachishwa, dhaifu. Maksai na madume waende ronjo, au wapelekwe mnada wa Meserani mapema, wangali na nyama mgongoni.

Kuhusu mapori tengefu, yaani maeneo ambayo uwindaji wake unadhibitiwa na sheria ya wanyamapori. Sehemu kubwa ya Longido, Monduli na Simanjiro iko ndani ya mapori tengefu ya zamani, juu ya vijiji vilevile. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, inakataza kulisha humo bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Lakini kifungu cha 16 cha sheria hiyohiyo kinamtaka Waziri ayapitie upya mapori hayo na kuhakikisha ardhi ya kijiji haimo. Wanaokuja kuwaondoa hutaja kifungu kimoja. Ninyi mjue vyote viwili. Na kushirikishwa si hisani. Septemba 2023 Mahakama Kuu hapa Arusha ilibatilisha tangazo la Waziri lililoifanya Pololeti, kule Loliondo, kuwa pori tengefu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa.

Mifugo ikikamatwa, wa kwanza kufika asiende na fimbo. Aende na simu yenye chaji, daftari, na mjumbe mmoja wa halmashauri. Wahesabiwe mbele ya pande zote, kwa rangi na alama za masikio. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka ofisa anayekamata mali atoe stakabadhi. Iombeni kwa adabu, na isomwe kabla ya kusainiwa. Mkiambiwa kosa lififilishwe, yaani mchungaji akiri kwa maandishi, alipe na yaishe, fikirini kwanza mlikuwa wapi. Akisaini amekubali alikuwa hifadhini, na karatasi hiyo itarudi siku mkigombea mpaka.

Hapo ndipo majira ya nukta, yaani namba za GPS za mahali, yanapohitajika. Simu husoma kwa mfumo wa WGS84, ilhali ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa Arc 1960. Nukta ileile ikisomwa kwa mifumo miwili hutofautiana kama mita 300. Mchungaji anaweza kuwa ndani ya kijiji kwenye mfumo mmoja na ndani ya hifadhi kwenye mwingine. Kila namba iandikiwe mfumo wake, zikiwemo zile za kwenye stakabadhi.

Mkifika mahali pa kuishtaki serikali, notisi ni ya siku 90 na kesi inaanzia Mahakama Kuu. Kupinga uamuzi kwa njia ya mapitio ya mahakama, kibali kinaombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi kutolewa. Vijiji vingi hupoteza hiyo miezi sita vikisubiri kamati zilizoahidiwa.

Tangazo la mkutano wenu mkuu libandikwe mapema, na lipigwe picha likiwa ubaoni. Rasimu ya muhtasari nitumie kabla haijasainiwa. Ikishasainiwa, kurekebisha ukubwa wa alalili ni kuitisha mkutano upya.

Kaka yako