Mwanafunzi wa lugha ya kigeni aachwe achunguze, ila asiachwe peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufundishaji wa lugha za kigeni kwa mbinu ya udadisi, yaani ule ambao mwanafunzi huuliza, huchunguza na kujitafutia jibu badala ya kukaririshwa kanuni. Mbinu hii si ngeni: mwanafalsafa wa Marekani John Dewey aliitetea mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1961 mwanasaikolojia Jerome Bruner aliandika kuhusu manufaa ya mwanafunzi kugundua mambo mwenyewe. Hata hivyo, walimu wengi wa lugha tunasitasita, kwa hoja kwamba mtu hawezi kudadisi kwa lugha asiyoijua.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba lugha yenyewe ni kitu cha kuchunguzwa. Mwalimu wa Kifaransa anaweza kuandika ubaoni jozi za sentensi kama “Je bois du lait” (“Ninakunywa maziwa”) na “Je ne bois pas de lait” (“Sinywi maziwa”), kisha akanyamaza (na kunyamaza ndiko kunakotushinda walimu). Wanafunzi wakishabaini kwamba “du” na “de la” hugeuka “de” katika ukanushi, aongeze “Ce n’est pas du lait” (“Haya si maziwa”), sentensi inayovuruga kanuni waliyojitungia na kuwalazimu kuirudia mifano hadi watambue kwamba kitenzi “être” (“kuwa”) hakifuati mkondo huo. Sidhani kama kanuni iliyohangaikiwa hivyo husahaulika upesi kama ile iliyokutwa imeandikwa tayari kitabuni.

Ninapotofautiana na baadhi ya watetezi wa mbinu hii ni pale wanapotaka mwalimu ajiweke kando kabisa. Mwaka 2006, wataalamu wa saikolojia ya elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walichapisha makala wakionya kwamba anayeanza kujifunza, akipewa mwongozo haba, hulemewa na mambo mengi anayopaswa kuyashika akilini kwa wakati mmoja. Onyo hilo linatugusa hasa sisi, kwani nimeshuhudia kundi likipewa mradi wa uchunguzi, likajadiliana kipindi kizima kwa lugha ya nyumbani, kisha mmoja akatafsiri matokeo kwa programu ya simu. Bango lilipendeza, lugha iliyokusudiwa haikuzungumzwa hata kidogo. Kabla ya mradi wa namna hiyo, wanafunzi wafundishwe kwa lugha lengwa sentensi chache za kuuliza sababu, kudai ushahidi na kupinga kwa adabu, nao wazizoee mpaka ziwatoke bila kufikiri.

Kikwazo kingine ni mitihani, kwani mwalimu anayejua kwamba wanafunzi wake watapimwa kwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi hatathubutu kutumia kipindi kizima kwa sentensi kumi. Watungaji waongeze walau swali moja linalompa mtahiniwa mifano asiyowahi kuiona na kumtaka aeleze kanuni inayoiongoza.

Mwalimu wa lugha